SigmaStudio na bodi ya ADAU1701: kuchora ni rahisi, kazi iko kwenye kuhifadhi

Ukitaka krosova ya kidijitali (kigawanyi cha sauti kati ya spika za besi na za sauti za juu) bila kutumia pesa nyingi, hutachelewa kukutana na ADAU1701, chipu ya kuchakata sauti ya Analog Devices. Ina njia mbili za kuingiza sauti na nne za kutoa, kwa hiyo inatosha stirio ya njia mbili au 2.1 (spika mbili na subwoofer moja). Stirio ya njia tatu inadai vitoa sauti sita, na hapo vinne vya chipu hii havitoshi. Programu yake, SigmaStudio, ni ya bure, lakini ni ya Windows tu.

Ukurasa wa kwanza ni wa vifaa. Unavuta visanduku vitatu, USBi (kiunganishi kati ya kompyuta na chipu), ADAU1701 na EEPROM (memori isiyofutika umeme ukizimwa), kisha unaviunganisha kwa mistari. USBi ikiwa ya kijani, kompyuta imeitambua. Isipogeuka kijani, usiguse kitu kingine kabla ya kumaliza suala la draiva. Mafundi wengi hawanunui USBi asilia. Wanatumia bodi ndogo ya Cypress CY7C68013A yenye freeUSBi, programu ya kuigiza USBi, na inafanya kazi. Nyaya ni tatu: SDA (data), SCL (saa) na ardhi. Ardhi ikisahaulika, mawasiliano yanakatika hovyo na lawama anabeba mtengenezaji wa chipu bure.

Ukurasa wa pili ndio raha yenyewe. Unaweka kiingilio, ikwalaiza, krosova na vitoa sauti, unachora mistari, unabonyeza F7 kuupeleka mchoro kwenye chipu. Ukisogeza kitelezi, badiliko linasikika papo hapo bila mlio wa "tap". Lakini ukiongeza kisanduku kipya lazima F7 tena, na sauti inaweza kukatika kidogo au kupiga kishindo. Kwa hiyo twita, spika ndogo ya sauti za juu, isiunganishwe uchi siku ya kwanza. Weka kapasita ya 10 µF mfululizo nayo. Kwa twita ya ohm 8 inaanza kukata karibu na 2 kHz, na hata ukikosea ukapeleka besi huko, koili itapona.

Grafu ya mkunjo ambayo programu inachora ni nzuri, ila ni hesabu ya vichujio tu. Haijui spika yako wala chumba chako. Bila maikrofoni ya vipimo, unapamba karatasi.

Angalia pia kisanduku cha kasi ya sampuli, yaani mara ngapi kwa sekunde sauti inapimwa. Bodi nyingi zina kristali ya 12.288 MHz, yaani 48 kHz. Ukiandika 96 kHz kwenye programu huku chipu ikienda 48, krosova uliyoiweka 2,000 Hz itakata 1,000 Hz, na utashangaa kwa nini twita inalia kwa uchungu. Hata ukiibadilisha chipu kweli iende 96, nafasi ya maagizo kwa kila sampuli inashuka kutoka 1,024 hadi 512.

Kuhusu kiwango cha sauti: ndani ya chipu kuna nafasi ya 24 dB juu ya kiwango kamili, ila kwenye kutoa hakuna. Ukipandisha besi 6 dB bila kushusha 6 dB mahali pengine, sauti inaweza kupasuka hata kama amplifaya haijachoka. Kutoa ni takriban 0.9 V, kwa hiyo amplifaya yenye gini ndogo itasikika dhaifu.

Sasa kuhifadhi, mahali ambapo wengi hukwama. Vitelezi ulivyosogeza viko kwenye RAM. Ukizima umeme, vimekwenda. Bonyeza F7 tena, kisha kwenye ukurasa wa vifaa bofya kulia ADAU1701 na uchague kuandika toleo la mwisho kwenye EEPROM. Pini ya WP (kinga ya kuandika) ya EEPROM iwe chini, yaani kwenye ardhi, wakati wa kuandika, la sivyo hakuna kinachoingia. Programu itauliza ukubwa wa memori na wa ukurasa wake (kipande kinachoandikwa kwa mkupuo mmoja). Kwa EEPROM ya 24C256 ukurasa ni baiti 64, kwa 24C64 ni 32. Ukiweka namba kubwa kuliko halisi, data inazunguka na kujifuta yenyewe, chipu inaamka na takataka. Ukiwa na shaka weka 32: inachelewa kidogo, inafaa zote mbili. 24C64 ni baiti 8,192, wakati mradi uliojaa kabisa unadai 9,248, hivyo bodi yenye 24C256 ni chaguo bora.

Baada ya hapo weka juu jampa ya SELFBOOT, inayoiambia chipu ijisomee EEPROM inapowashwa, chomoa USBi, zima, washa. Ikiwa kimya, rudi kwenye ukubwa wa ukurasa kabla ya kushuku chipu.

Mngurumo ukitokea laptopu ikiwa kwenye chaji, itoe chaji kwanza. Mara nyingi ni ardhi inayozunguka kupitia USB, na itaondoka ukishachomoa.

Kwa mtu anayetaka kugusa ikwalaiza katikati ya sherehe, hii si programu yake. Kwa anayejenga spika na kuzifunga mara moja, haina mpinzani kwa bei hiyo.