Uzoefu wangu na HandBrake: video za simu zinazogoma kufunguka

Natengeneza video za harusi hapa Kigoma, nyingi za Ujiji na Mwanga, na siku hizi hakuna kazi isiyokuja na klipu za simu za ndugu. Shangazi wa bwana harusi karekodi kwa iPhone yake, na lazima ziingie kwenye video. Ukiziingiza kwenye programu ya kuhariri, sauti inasikika, picha nyeusi tupu. Ukizifungua kwa VLC, programu ya kuchezea video, zinacheza bila shida.

Wengi hapo husema faili limeharibika. Ni zima kabisa. VLC inatembea na kodeki zake yenyewe, yaani vifaa vya kufungulia video iliyobanwa, wakati baadhi ya programu za kuhariri hutegemea zilizomo kwenye kompyuta. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone nyingi hurekodi kwa HEVC, namna mpya zaidi ya kubana video, na Windows nyingi hazina kodeki hiyo.

Dawa yangu ni HandBrake, programu ya kugeuza video kutoka aina moja kwenda nyingine. Ni ya bure kweli, haiweki nembo juu ya picha, na ikishaingia kwenye laptopu haili bando. Kwenye Windows itakudai kwanza .NET Desktop Runtime, programu saidizi ya Microsoft, kwa hiyo pakua vyote kwa mkupuo mmoja. Nachagua faili la aina ya MP4 na kodeki ya H.264, ya zamani kuliko HEVC, halafu namba ya ubora, RF, naishusha hadi 18. Ikiwa ndogo, picha inabaki safi ila faili linanenepa.

Kitu cha kutoruka ni Constant Framerate, yaani idadi ya fremu (picha moja moja za video) isiyobadilika. Simu hupandisha na kushusha fremu kwa sekunde, hasa ukumbi ukiwa na mwanga hafifu, na programu za kuhariri hazipendi hilo. Klipu inaanza sawa, ikifika katikati ngoma inasikika kabla mkono wa mpigaji haujatua. Ukiweka fremu zisizobadilika, mkono na mlio vinakaa pamoja hadi mwisho.

Inachosha laptopu, sitaficha. Klipu ndefu naiacha ifanye kazi usiku.

Ila HandBrake haifufui faili lililokatika. Kamera ikizimika betri katikati ya kurekodi, unabaki na gigabaiti kadhaa ambazo hata VLC haizifungui, kwa sababu MP4 ina orodha ya kueleza kila fremu iko wapi, na kamera nyingi huiandika mwishoni, unapobonyeza kusimamisha. Hapo natumia untrunc, programu ya kurekebisha faili lililokatika, nayo ya bure. Inataka faili zima la kamera ileile, mipangilio ileile, ijifunzie mpangilio wake. Iliniokolea sehemu kubwa ya ukataji keki ambayo mama wa bibi harusi alikuwa ameshaililia. Kadi ya kamera yenye faili la namna hiyo usirekodi tena juu yake. Nakili kwanza kila kilichomo.

Na HandBrake ipakue handbrake.fr tu. Hata wao wenyewe, Mei 2017 seva yao mojawapo ya kupakulia ilidukuliwa, na waliopakua toleo la Mac kutoka hapo wakaingiziwa kirusi.