Jimu ya Kansanga: tambara la chooni ndilo linalofuta benchi

Ukitafuta jimu hapa Kampala upande wa Kansanga, ukaona ile ya ghorofani yenye vioo vikubwa ambayo muziki wake unasikika mpaka barabara ya Ggaba, panda ngazi, ila kabla hujatoa hela muulize dada wa mapokezi swali moja tu: mna matambara mangapi? Akikujibu kwa kucheka, shuka.

Mambo ya mashine na bei sitayaeleza, yamebandikwa pale mlangoni. Nazungumzia nilichokiona kwa macho yangu jioni moja majuzi, saa ile watu wametoka kazini na jimu imejaa.

Nilikuwa nasubiri benchi la kulalia. Kaka aliyekuwa akisukuma vyuma akainuka, mgongo wake umejichora wote kwa jasho juu ya rexini, ile ngozi ya bandia ya benchi. Hakufuta, akaenda zake. Mlango wa choo unatazamana na safu ya mabenchi, kwa hiyo hakuna kinachofichika. Mama wa usafi alikuwa ameinama huko ndani akifuta kuzunguka tundu la choo. Akatoka na ndoo yake ya bluu na tambara lililokuwa fulana ya kampeni zamani, maandishi bado yanasomeka kidogo. Akalichovya kwenye ndoo ile ile, akalikamua mara moja, akafuta benchi langu. Akaenda kwenye vishikio vya baiskeli. Akamalizia mikeka, ile ambayo watu wanalalia kifudifudi, shavu limegusa chini. Maji ya ndoo yalikuwa kama chai ya rangi.

Na jiki ilinukia! Hapo ndipo watu wanapodanganyika, pua ikinusa jiki basi moyo unatulia. Jiki haifanyi kazi hivyo. Klorini ikikutana na jasho, mafuta ya mwili na udongo wa viatu, nguvu yake inaishia kwenye ule uchafu na vijidudu vinabaki. Kwanza unaosha kwa sabuni na maji, uchafu utoke. Ndipo unapaka dawa, tena unaiacha ikae na unyevu wake dakika kadhaa kama kopo linavyoelekeza. Kupitisha tambara na kuondoka kunahamisha tu uchafu kutoka kiti hiki kwenda kile. Halafu, kwa sababu jiki inakula chuma, unafuta tena kwa maji safi. Ukitaka kujua hawafanyi hivyo, tazama zile dambeli za kona ya nyuma, kutu imeshika kwenye mshiko. Na tambara la choo halitoki chooni, liwe na rangi yake mwenyewe ili hata mgeni wa kazi asikosee. Hayo hayahitaji mashine kutoka Ulaya. Sabuni ya mche na matambara mawili ya rangi tofauti vinapatikana duka lolote la mtaani.

Nilimsogelea yule mama. Ni Mkongo, tunaelewana kwa Kiswahili. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Hili tambara si ndilo lilikuwa chooni sasa hivi?" Hakukasirika. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Dada, niko na hii moja tu. Niliomba ingine, banasema nitumie kwanza hii mpaka iishe." Glavu hana. Vidole vyake vimechubuka kwa jiki, ngozi ya pembeni ya kucha imepasuka na kuwa nyeupe. Kwa hiyo msomaji, lawama zangu usizipeleke kwake hata kidogo.

Nikaenda kwa meneja. Nilimsalimia vizuri, nikamweleza taratibu, tena pembeni ili wateja wengine wasisikie. Hakuinua macho kwenye simu. Akasema, "Nnyabo (yaani bibie), hii ni jimu, si hospitali. Anayeogopa jasho la wenzake afanyie mazoezi kwake."

Sijawahi kujibiwa hivyo mahali nilipolipa hela yangu, na nililipa ya miezi ya mbele.

Naogopa jasho la wenzangu? Jasho silo tatizo. Tatizo ni kinachokaa kwenye rexini lenye unyevu. Choa inaambukizwa kwa ngozi kugusana, na pia kwa taulo na mikeka ya kuchangia. Bakteria wanaoleta majipu wanaweza kuishi siku nyingi juu ya kitu kikavu wakisubiri mchubuko wa mtu, na kwenye jimu nani hana mchubuko? Juzijuzi tu, mwaka 2024, mpox iliingia Uganda na ikafika Kampala hii hii. Ugonjwa huo unapita hasa kwa ngozi kwa ngozi, na hata kwa mashuka na taulo za mgonjwa. Ebola ilipotangazwa hapa Kampala Januari 2025, jimu hii hii iliweka jerikeni yenye bomba mlangoni, na sabuni, na kijana wa kusimamia watu wanawe. Waliweza! Mlipuko ulipotangazwa kuisha Aprili, kijana akaondoka, sabuni ikaondoka. Jerikeni bado ipo pale ngazini, kavu.

Na mabenchi yenyewe yamepasuka. Rexini ikishachanika, sponji inakunywa jasho la kila anayelala pale, na sponji hakuna dawa ya kufuta juu inayoifikia ndani. Inatakiwa kuvuliwa na kuvalishwa upya. Kampala imejaa mafundi wanaoshona viti vya bodaboda kando ya barabara, wangeyamaliza yote kwa muda mfupi. Badala yake wamebandika utepe wa gundi, umekunjamana, kwenye mikunjo kumejaa weusi. Niliupitishia ukucha. Sitaki kueleza kilichotoka.

Sasa niseme kweli, kocha wa asubuhi ni mtu wa pekee. Goti langu lilikuwa linaniuma kwa muda mrefu, yeye ndiye aliyenirekebisha namna ya kuchuchumaa na leo napanda ngazi bila kushika ukuta. Chupa ya spiriti anajinunulia mwenyewe na tishu zake, anafuta kila kifaa kabla hajamkabidhi mteja wake. Kwa ajili yake nilikuwa nimeamua kutoa nyota tatu, niseme nendeni asubuhi, bebeni taulo lenu kubwa la kutandika, na jioni msikanyage.

Lakini nimerudi wiki hii. Nimemkuta meneja anamfokea yule mama mbele ya wateja wote, eti anawapelekea wateja "siri za kazi", na kwamba ndoo mpya itakatwa kwenye mshahara wake. Mtu mzima, umri wa mama yake mzazi! Watu wakajifanya hawasikii, muziki ukaongezwa. Ndoo mpya ipo kweli, nyekundu, imewekwa mapokezi kama pambo. Tambara ni lile lile, maandishi ya kampeni yale yale.

Basi nafuta nyota tatu. Nyota moja, na hiyo ni ya kocha. Akihama, hata hiyo naiondoa. Ndoo mlipe nyinyi wenye jimu, si yule mama, na mumpe glavu. Hela yangu ya miezi iliyobaki naitaka, namba yangu ya simu mnayo kwenye daftari la mapokezi, tumeni huko huko. Na kama kuna mtu anajua jimu ya kati ya Kabalagala na Ggaba inayoosha mikeka yake kwa sabuni, aniandikie hapa chini, hata ikiwa haina muziki.