TAHADHARI: "babalawo" wa Instagram anayedai mizimu ya wazee wako imemtuma kwako

Ndugu zangu mlioko Marekani, kuna matapeli wanaingia inboksi za watu wakijiita babalawo, yaani wapiga ramli wa Ifa, ramli ya jadi ya Wayoruba, kutoka Nigeria. Rafiki yangu huku Texas wameshamkamua na ameniruhusu niandike.

Wanachofanya wanaiba picha na video za babalawo wa kweli mwenye wafuasi wengi, wanafungua akaunti inayofanana naye kila kitu ila jina limeongezwa nukta au herufi moja, halafu wanawafuata waliokomenti kule kwa mwenyewe. Meseji inakuja "mwanangu, wazee wako wamenijia usiku, wana ujumbe wako". Ramli dola 60. Ukishalipa unaulizwa jina la mama, tarehe ya kuzaliwa, kinachokusumbua, na wewe umechoka, makaratasi hayajatoka, ndoa inayumba, unamwaga yote, kesho yake unarudishiwa yaleyale eti Ifa ndo imeonyesha! Baadaye mbuzi wa kafara dola 350, mara mbuzi kakataliwa anatakiwa kondoo, na ukisema huna hela unaambiwa ukiacha katikati mwanao ndo atalipa. Hapo ndo mtu anaenda kukopa. Kumtisha mama kwa mtoto wake ni unyama, sina neno lingine.

Na wanachafua kitu cha watu. Ifa ni elimu nzito ya Wayoruba, UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu 2008. Babalawo anasoma miaka na miaka, anakariri beti za Odu 256 (alama za ramli, kila moja ina beti zake), anapiga ramli kwa kokwa 16 za mchikichi au mkufu wanaouita opele. Tena kwa desturi yao mteja shida yake anainong'oneza kwenye hela au kwenye ule mkufu, hamwambii babalawo, na babalawo anaghani beti za Odu iliyotokea na mteja ndo anasikia ipi inamgusa. Sasa huyu anayeanza kwa kukuchimba maisha yako yote kabla hajagusa chochote, ramli gani hiyo?

Akikataa simu ya video, achana naye. Akitaka kadi za zawadi, kripto au Zelle ya jina lisilo lake, usitume hata senti. Kama umeshatuma ipigie benki leo leo, halafu ripoti reportfraud.ftc.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kuripoti utapeli. Piga skrinshoti KABLA ya kumblok maana chati wanazifuta.

Na kingine, wanarudi. Rafiki yangu alipowablok ikaja namba nyingine, mwanamke anajiita mke wa babalawo, anaomba radhi kwa upole kabisa, anasema hela itarudishwa yote ila kwanza itumwe dola 100 ya kufungua malipo. Ni walewale jamani, msitume.