Seestar S50 na galaksi ya M51: inatosha?

Je, Seestar S50, darubini ndogo ya kidijitali inayopiga picha za anga yenyewe, inatosha kupiga M51? Kwa anayeanza kupiga picha za galaksi parafujo (zenye mikono inayojizungusha kama M51), jibu ni ndiyo, lakini ukijua mipaka yake. Lenzi ina kipenyo cha milimita 50 na urefu wa fokasi wa milimita 250, na sensa ina pikseli 1920 kwa 1080. M51, yenye upana wa dakika 11 hivi za tao (dakika ya tao ni sehemu moja ya 60 ya digrii), inachukua pikseli kama 280 tu. Mikono yake miwili inaonekana vizuri, hata daraja la nuru linaloelekea galaksi jirani, NGC 5195. Usitarajie kuona vumbi la ndani kwa kina.

Muda ndio kila kitu. Saa 1 ya picha za sekunde 10, zinazounganishwa kuwa moja, ni picha 360, na bado chengachenga (vidoadoa vya kelele ya picha) zimejaa kwenye mikono. Ukifikisha saa 4, chengachenga hupungua kwa nusu. Tofauti hiyo inaonekana wazi. Panga muda wa ziada, maana programu hutupa picha zenye nyota zilizovutika.

Kichujio cha nebula (mawingu ya gesi angani) kizime: nuru ya galaksi ni ya rangi zote, nacho kitakula sehemu kubwa. Hita ya umande iwashe mapema, kabla lenzi haijafunga ukungu.

Udhaifu mkubwa ni stendi. Ikisimama wima, anga huzunguka ndani ya fremu na kona zinaharibika, hasa galaksi ikiwa karibu na utosi, yaani juu kabisa ya kichwa. Inamisha stendi kuelekea ncha ya anga (pale nyota zinapoonekana kuzunguka), tumia hali ya ikweta, ambapo darubini hufuata mzunguko huo, kisha jaribu sekunde 20.