Besi niliyoichonga kibarazani Arua: baada ya miezi minane, inafaa au haifai?

Karibuni, karibuni. Wa hapa Arua, wa Bunia, wa Kampala, na nyinyi wa Mombasa mnaonisahihisha Kiswahili kila video, nawasalimu wote. Leo ninachochambua hakina kasha wala duka. Ni hii besi, gitaa la noti za chini. Nyuzi nne, nimeichonga mwenyewe hapa kibarazani, na imepigwa kanisani miezi minane mfululizo. Wengi mlitaka niizungumzie ile wiki ya kwanza, nikakataa. Gitaa jipya ni kama bwana harusi: siku ile hutamwona kasoro.

Nianze na bei, najua ndiyo mnayoingoja. Vifaa vimenila shilingi 620,000 za Uganda. Hapo kuna pikapu mbili, zile zinazodaka mtikisiko wa nyuzi, si Hilux. Kuna briji inayoshika nyuzi mwilini, funguo nne za kukazia nyuzi, chuma cha ndani ya shingo, waya wa freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, na seti ya nyuzi. Vyote vimekuja na basi la usiku kutoka Kampala. Mbao sikuinunua Kampala, na patasi niliyoivunja sijaihesabu. Sasa sikieni: mwezi huohuo jamaa mmoja hapa mjini alikuwa anauza besi ya kiwandani iliyotumika, nzima kabisa, kwa 650,000. Kwa hiyo kama shida yako ni kuokoa pesa, funga video hapa ukatafute ya mtumba. Sitakasirika.

Mwili ni musizi. Nyepesi, inakubali randa, fundi wa vitanda aliniuzia vipande viwili nikaviunga kwa gundi. Wapo watakaowaambia mwili lazima uwe mbao fulani ya gharama ili sauti itoke. Mimi siwafuati. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya. Inachosikia ni uzi wa chuma ukicheza juu yake. Mwili usipasuke, uweze kushika skrubu, yatosha.

Shingo ndiyo kesi. Nyuzi nne za besi zikishakazwa zinavuta kwa nguvu inayokaribia kilo 80, usiku na mchana, hata wewe ukiwa umelala. Shingo yangu ya kwanza niliitoa kwenye mbao niliyonunua mwezi wa tisa, mvua zimekolea. Muuzaji akaapa ni kavu. Nikaiweka shavuni, nikasikia ubaridi, na ubaridi huo ni maji; nilijua, nikajidanganya. Nikachonga, nikapiga msasa mpaka ikateleza. Januari ikaja na ule upepo wetu wa vumbi, shingo ikajisokota kama kamba. Chuma cha ndani kinaweza kuinyoosha shingo iliyopinda kama upinde. Iliyojisokota hakiiwezi. Ikaenda jikoni, na maharage yakaiva vizuri tu.

Hii ya pili imetoka kwenye fremu ya mlango wa nyumba ya babu iliyobomolewa. Ni mvule, na umekauka tangu mimi sijazaliwa. Nimeupasua vipande vitatu virefu, cha katikati nikakigeuza, mistari ya mbao ikaelekea upande mwingine, kisha nikaunga. Kimoja kikitaka kupinda, mwenzake anakizuia. Tangu niifunge nimegusa kile chuma cha ndani mara moja tu, robo ya mzunguko, juzi kiangazi kilipoanza. Asiye na mlango wa babu afanye hivi: nunua mbao, iache ndani ya nyumba, kila wiki ipime kwenye mizani ileile. Uzito ukiacha kushuka, hapo sasa shika msumeno. Na ukikata mvule funga pua na mdomo, vumbi lake linawasha kifua na ngozi. Tena humo ndani mara nyingine kuna chembe ngumu kama mawe. Patasi yangu ilifia hapo.

Freti ni hesabu, wala msiogope. Kutoka mfupa wa juu, ule unaokalia nyuzi karibu na kichwa, hadi briji ni inchi 34, yaani milimita 863.6, urefu uleule wa Precision, besi ambayo kampuni ya Fender waliitoa mwaka 1951. Gawa kwa 17.817, unapata umbali wa freti ya kwanza, kama milimita 48.5. Kinachobaki gawa tena kwa namba hiyohiyo, endelea hivyo. Ya 12 lazima iangukie katikati kabisa, 431.8. Mimi kwenye shingo ya kwanza nilipima kila freti kuanzia ile iliyotangulia. Nusu milimita hapa, kidogo pale, kufika ya 12 nimepotea karibu milimita tatu. Hiyo haipigiki, sauti inakuwa kama mbuzi na kwaya. Safari hii nililaza rula ndefu ya chuma, alama zote nikaziweka kuanzia ule mfupa wa juu, rula haikuinuka.

Na huo ni mfupa kweli, wa ng'ombe. Nimeuomba kwa muuza nyama, nikauchemsha kutoa mafuta, nikauanika, nikauchonga kwa tupa. Jirani yangu mzee, Mualur anayetengeneza adungu, kinubi cha kwao, alikuwa akipita ananitazama na rula yangu anacheka. Adungu kubwa la besi halina freti hata moja: gogo limechimbwa, ngozi imewambwa, kila uzi na noti yake. Aliniuliza kwa nini nateseka. Sikuwa na jibu la maana.

Sasa kasoro, na ziko mbili. Ya kwanza: shingo inazama. Angalieni, nikiachia mikono kichwa kinaenda chini. Mwili wa musizi ni mwepesi, mvule ni mzito, funguo nazo ni za chuma kizito. Kwa hiyo mkono wa kushoto unabeba badala ya kupiga, na ibada ikizidi muda wa saa mbili bega linaongea. Kosa ni langu la kuchora: ile pembe ya juu, panapofungwa mkanda, ilipaswa kufika usawa wa freti ya 12. Yangu imeishia karibu na ya 15. Nimenunua mkanda mpana wa ngozi unaokwaruza, umesaidia nusu. Mwili mpya nitauchonga, shingo itabaki hiihii.

Ya pili ni mngurumo wa umeme. Nilibandika karatasi ya shaba ndani ya matundu yote na nikaunganisha waya wa ardhi kwenye briji. Umepungua, haujaisha. Kwenye pikapu moja peke yake upo. Mnaopanga nyumba, angalieni kwanza soketi kama ina ardhi kweli. Mimi hapa niligusa maikrofoni kwa mdomo huku nimeshika nyuzi, nikapigwa. Kosa halikuwa la besi, lilikuwa la ukuta, lakini mdomo ni wangu.

Alama? Shingo naipa tisa kwa kumi. Sauti nane. Kukaa mwilini, nne, na nimejihurumia. Wawili wameshaniuliza bei, sijauza.

Haya, ninyamaze niichomeke. Vaeni visikizio, spika ya simu haitawapa noti za chini. Hii ni pikapu ya shingo pekee, na huo mnaousikia nyuma ndio mngurumo wenyewe. Sasa nafungua zote mbili sawasawa… umeondoka, mmesikia? Uzi wa E, ule wa noti ya chini kabisa, wazi bila kubonyezwa.