Steshenari ya Changanyikeni iliyobeba mwaka wangu wa kwanza

Mwanafunzi anayekwenda kuanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huandaliwa na ndugu zake kwa godoro, ndoo na pasi, lakini ni nadra mtu kumweleza kwamba saa nyingi za mwaka wa kwanza zitapita mbele ya mashine ya kutoa kopi. Mimi sikuelezwa. Sasa nimemaliza mitihani ya muhula wa pili, na kabla wageni wapya hawajaanza kupanda Mlimani naona ni wajibu wangu kuandika habari za steshenari moja ya Changanyikeni, mtaa ulio jirani na chuo, ambayo, kwa maoni yangu, imenisaidia kuliko huduma nyingine yoyote niliyoilipia mwaka huu. Jina lake silitaji kwa kuwa mwenyewe aliniomba hivyo; ni chumba kimoja chenye mashine mbili, kompyuta moja na benchi refu barazani.

Nilifika pale mara ya kwanza nikiwa na kompendiamu, yaani mkusanyiko wa makala za kusoma, ya kozi ya Mitazamo ya Maendeleo, ile ambayo wanafunzi tunaiita DS, yenye kurasa 240. Bei ya duka ni shilingi 50 kwa ukurasa, au shilingi 80 kwa karatasi iliyochapwa pande mbili, na kujalidi kwa spairo ni shilingi 2,000. Hata kwa pande mbili hesabu ilifika shilingi 11,600, yaani zaidi ya posho ya siku nzima ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo, ambayo mwaka 2022 ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000. Nilikuwa tayari kulipa. Mama mwenye duka alinitazama, akaniuliza: “Mwanangu, mwongozo wa kozi unao? Hebu nione.” Nilimpa, naye akapitisha kalamu kwenye wiki nne za mwanzo, akahesabu makala tatu zenye kurasa 42 kwa jumla, kisha akasema, “Toa hizi kwanza. Ukizimaliza, utarudi.” Nililipa shilingi 1,680.

Sijawahi kukutana na mfanyabiashara aliyepunguza mauzo yake mwenyewe kwa namna ile, na ushauri wake ulibadili usomaji wangu kwa mwaka mzima. Wenzangu wengi walibeba kompendiamu nzima siku ya kwanza, wakaiweka chini ya kitanda, wakaridhika kwamba wanayo. Mimi nililazimika kurudi dukani kila baada ya wiki tatu au nne, na nilikuwa naona haya kurudi kabla sijasoma nilichochukua. Kutoa kopi si kusoma, ingawa rundo la karatasi huweza kumdanganya mtu kwa muhula mzima.

Jambo la pili linalostahili sifa ni umakini. Duka jingine nililolitumia wiki za mwanzo lilinirudishia kazi yangu ya kwanza ikiwa haina ukurasa wa marejeo, nami sikuikagua, nikapoteza alama tatu kati ya kumi. Kwa kuwa kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho alama 60, hasara ndogo kama hizo zikijikusanya humfikisha mtu kwenye mtihani wa marudio. Huyu Mama huhesabu kurasa mbele ya mteja, na hakubali kuchapa faili kabla hujalifungua mwenyewe kwenye kompyuta yake na kulipitia, kwani maandishi yaliyopangwa vizuri kwenye simu mara nyingi huvurugika yakihamia kwenye kompyuta. Ushauri wake wa kuhifadhi kila kazi kwa PDF kabla ya kuileta umeniokoa mara nyingi.

Yapo pia anayoyakataa. Hadurufu kitabu kizima, kwa sababu ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Humwelekeza mteja kwenye maktaba mpya ya chuo, iliyofunguliwa Novemba 2018 ikiwa na nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, akasome huko na kunakili anachohitaji. Vilevile nimemsikia akimjibu kijana aliyekuja na swali la kazi na noti ya pesa mkononi, akitaka aandikiwe majibu: “Hapa tunachapa ulichoandika wewe.” Kijana aliondoka amekasirika. Mimi niliheshimu jibu lile, kwa sababu zipo sehemu nyingine ambako noti ile ingepokelewa bila swali.

Kasoro zipo, na sitazificha. Duka halina jenereta, hivyo umeme ukikatika kazi husimama; jioni moja, kazi ikitakiwa kesho yake asubuhi, nililazimika kukimbilia Mwenge na kurudi usiku. Uchapaji wa rangi ni ghali kwa shilingi 500 kwa ukurasa, na hata hivyo huacha mistari, kwa hiyo wenye ramani na michoro watafute kwingine. Flashi zote hukaguliwa virusi kwanza, jambo jema linalokula muda kwa kuwa kompyuta ni moja. Wala hakopeshi, hata katika zile wiki ambazo bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, limechelewa na kila mtu anajua limechelewa.

Kuhusu benchi la barazani, kundi letu la majadiliano la watu watano lilizaliwa pale, tukisubiri zamu, baada ya kugundua kwamba sote tumeshika karatasi za semina moja. Tuliendelea kukutana pale kila Alhamisi, na Mama hakuwahi kutudai chochote kwa kukaa.

Duka hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa mbili usiku. Jumapili hufunguliwa saa nane mchana. Katika wiki mbili za kuelekea mitihani foleni hufika barabarani kuanzia saa tisa alasiri, hivyo ni vyema kwenda asubuhi, kabla ya vipindi.