Mihuri na Rangi za Maji kwa Kadi za Salamu: Kipi Kinunuliwe, Kipi Kisubiri

Watazamaji wangu, karibuni. Mezani mnaona mihuri ya aina mbili, pedi mbili za wino, kalamu za brashi zenye wino wa maji na karatasi za aina tatu, ambavyo nimevitumia kwa wiki kadhaa kutengeneza kadi za salamu. Sichambui upigaji mhuri wa kawaida, ule wa wino usiotiwa maji unaotoa mistari iliyo wazi. Ninachopima leo ni mhuri uliolowa, unaoacha picha kana kwamba imechorwa kwa brashi.

Tazameni kwanza jinsi ninavyofanya. Ninapaka rangi ya waridi kwenye petali na ya kijani kwenye majani, moja kwa moja juu ya uso wa mhuri, kisha ninanyunyizia maji mara moja tu kwa mbali kidogo, ninaugeuza mhuri, ninaukandamiza bila kuutikisa, ninahesabu hadi tano, halafu ninauinua wima. Mnaona pale kwenye kikonyo rangi mbili zimekutana na kuchanganyika zenyewe, mahali ambapo mkono wangu haukugusa kabisa. Sasa ninagonga tena pembeni bila kuongeza rangi, na nakala hii ya pili inatoka imepauka. Mimi huipenda kuliko ya kwanza, kwa sababu nikiiweka nyuma ya ua lililokolea, kadi inaonekana ina maua ya karibu na ya mbali.

Tuje kwenye mihuri yenyewe. Huu wa plastiki angavu hunata wenyewe kwenye kibao cha akriliki, yaani plastiki ngumu iliyo angavu, na kwa kuwa macho hupenya vyote viwili, unaona barabara mahali unapougonga. Kasoro yake ni kwamba ukiwa mpya hukataa maji, na rangi hujikusanya matone matone kama maji juu ya jani la myugwa, kisha picha hutoka na mabaka. Kabla ya kuulaumu, usugueni taratibu kwa kifutio cha penseli ili kuondoa ule utelezi wa kiwandani, kisha uosheni na kuukausha. Wangu ulibadilika mara moja. Baadaye utapata madoa ya rangi na kugeuka manjano, lakini hilo ni suala la sura tu. Mhuri wa mpira, kwa upande wake, ulishika maji vizuri tangu siku ya kwanza, ila kibao chake cha mti kinaziba macho, kwa hiyo picha zangu mbili za mwanzo zilikwenda upande.

Hata hivyo, tofauti ya plastiki na mpira si kubwa kama tofauti ya michoro. Niliwahi kununua seti ya manyoya ya tausi, yenye mistari myembamba kama uzi, nikiamini kwamba uzuri wa mhuri ndio utakaokuwa uzuri wa kadi. Maji yaliijaza ile mistari yote, na tausi wangu akawa doa la buluu. Kwa kazi hii chagueni maumbo mapana yasiyo na mambo mengi ndani, kama vile jani, petali au ndege aliyejaa, maana rangi iliyolowa inahitaji uwanja wa kutembea. Mihuri ya mistari si ya kutupa. Huigonga kwa wino usioyeyuka kwenye maji, nikausubiri ukauke, kisha nikajaza rangi ndani kwa brashi.

Hapo ndipo suala la wino linapoingia. Pedi hii ya kwanza ni Distress Ink ya kampuni ya Ranger, wino ulioundwa makusudi uitikie maji, na kwa kweli unatembea vizuri sana. Huwa ninaigandamiza pedi juu ya kibao cha akriliki, ninadondoshea maji, kisha ninachota kwa brashi kama rangi ya kawaida. Pedi ya pili, ambayo sitaitaja jina, iliandikwa kwamba haiyeyuki kwenye maji, lakini mistari yake ilivuja nilipopitisha brashi. Tangu hapo kila pedi mpya huijaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi ya kutupa. Jueni pia kwamba wino mwingi unaoitikia maji, kama wa pedi ya kwanza, hupauka ukikaa kwenye mwanga. Kadi iliyohifadhiwa ndani ya bahasha haina shida, lakini ile itakayotundikwa karibu na dirisha ni afadhali ipakwe rangi za maji zenyewe, zinazotengenezwa kwa chembe za rangi zilizoshikwa na utomvu wa miti ya jamii ya mgunga, mradi mchague zile zinazostahimili mwanga.

Kama mna fedha ya kununua kitu kimoja tu kizuri, nunueni karatasi. Karatasi nene ya kadi, ile laini ya kawaida, ilifyonza rangi kabla haijachanganyika, na nilipoongeza maji ikaanza kutoa nyuzi. Ile ya rangi za maji ya gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye uso wa vipele, ambayo wachoraji wengi huipenda, ilivumilia maji, lakini mhuri haukufika kwenye mabonde yake na ukaacha vidoa vyeupe. Iliyozishinda zote kwa uzuri ni ya pamba, ya gramu 300, yenye uso laini: mhuri unagusa kila mahali, na maji yanakaa juu kwa muda wa kutosha kurekebisha kosa. Mkiwa na ile ya vipele tayari, msiitupe. Itumieni kwa maumbo mapana, na vidoa vyake vitaonekana kama mwanga.

Karatasi hii sikunji kuwa kadi, kwa sababu ni nene na mkunjo wake hupasuka. Kadi yenyewe ni karatasi ya A5 iliyokunjwa kuwa A6, yaani milimita 105 kwa 148, ambayo huingia kwenye bahasha ya C6. Picha ninaikata milimita 95 kwa 138, ili ibaki pambizo ya milimita 5 kila upande. Ikiwa imejikunja kwa maji, ninailaza chini ya vitabu vizito usiku kucha, kisha ninaibandika kwa utepe wenye gundi pande mbili, kwa kuwa gundi ya maji itaikunja upya. Neno "Hongera" ninaligonga kabla ya kubandika, kwa wino mweusi, picha ikiwa imekauka kabisa, kwani hata unyevu kidogo hutawanya kingo za herufi.